Roli ya kwanza ya filamu ya 120: mwongozo kamili, kuanzia kupakia kamera hadi faili la skani

Roli nyingi za kwanza za filamu ya 120, ile pana yenye karatasi ya mgongo, huharibika kwa njia tatu zilezile. Filamu haikushika spuli, yaani kigurudumu inachojiviringishia, kwa hiyo haikusogea na hakuna picha hata moja. Roli ilitolewa ikiwa imelegea, mwanga ukapenya na kuunguza kingo. Au mpigaji alipima mwanga wa anga badala ya uso wa mtu aliyesimama mbele yake, na picha zote zikatoka hafifu.

Watu wengi wamenionyesha negativu (filamu zilizokwisha kusafishwa) za namna hiyo wakiuliza kamera yao ina ubovu gani. Mara nyingi kamera ni nzima. Kosa limetokea mikononi, katika zile dakika chache za kuweka filamu na kuitoa, au kabla ya kubonyeza kitufe. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye hatua hizo na kupita haraka kwingine.

Nimechukulia kwamba kamera unayo tayari, iwe Yashica Mat, Mamiya RB67, Hasselblad 500, Bronica au nyingine, na kwamba roli ya kwanza utaipiga kwa filamu nyeusi na nyeupe na kuisafisha mwenyewe, yaani kuipitisha kwenye dawa ili picha zitokee.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kupiga

- Filamu mbili za 120 za aina moja. Moja ni ya picha, nyingine utaitoa sadaka kwa mazoezi. Iliyokwisha muda wake inafaa kabisa kwa mazoezi.
- Spuli moja tupu. Kamera ya 120 hairudishi filamu nyuma kama kamera ya milimita 35. Filamu huhama kutoka spuli moja kwenda nyingine, na ile iliyobaki tupu ndiyo itakayopokea roli inayofuata. Ukinunua kamera iliyotumika, hakikisha spuli hiyo imo ndani.
- Kipima mwanga. Simu yenye programu ya kupima mwanga inatosha, na kamera ya kidijitali inatosha zaidi.
- Tripodi na waya wa kufyatulia.
- Daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu.

Kwa kusafisha

- Tangi lisilopitisha mwanga, lenye rili (gurudumu lenye mifereji ya kushikia filamu) inayoweza kupanuliwa hadi upana wa 120.
- Mfuko wa giza, au chumba ambacho kweli ni cheusi.
- Dawa ya kusafishia, dawa ya kusimamisha, fiksa (dawa inayoifanya picha isibadilike tena kwenye mwanga), na matone machache ya dawa ya kuteleza maji.
- Kipimajoto, vikombe vya kupimia, saa, mkasi wenye ncha butu, vibanio viwili.

Onyo moja kabla hujanunua chochote: kamera fulani za zamani, hasa za Kodak, zinatumia spuli ya 620. Upana wa filamu ni uleule, lakini spuli yake ni nyembamba na ya 120 haiingii. Angalia maandishi yaliyo ndani ya mlango wa kamera.

## Hatua ya 1: Kagua kamera ikiwa tupu

Fungua mlango wa nyuma, au ondoa kasha la filamu, elekeza lenzi kwenye dirisha, kisha fyatua kwa kila kasi ukitazama kupitia nyuma. Unapaswa kuona shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikifunguka na kufungika bila kusita. Kasi za taratibu, kama sekunde 1 na nusu sekunde, ndizo huugua kwanza, kwa sababu mafuta ya zamani huganda kwenye gia.

Hapa simu inasaidia. Rekodi sauti ya shata kwenye kasi ya sekunde 1, kisha tazama umbali kati ya mlio wa kufunguka na wa kufungika. Ukikuta sekunde moja na robo, unaweza kuishi nayo. Ukikuta sekunde mbili, usiitumie kasi hiyo hadi fundi aifanyie kazi.

Kama kamera ina kipima mwanga chake cha zamani, usikiamini mara moja. Vingi vilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Betri za leo za ukubwa huohuo ni za volti 1.5, na vipimo vinaweza kupotoka.

Kagua pia bamba la nyuma linalobana filamu. Kwenye baadhi ya kamera, Yashica Mat-124G ikiwemo, lina mpangilio wa 120 na wa 220 (filamu ya upana huohuo lakini ndefu zaidi). Liweke kwenye 120.

## Hatua ya 2: Chagua filamu moja, ubaki nayo

Kwa kuanzia, chukua filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kiwango cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X. Zinavumilia makosa, na kuzisafisha nyumbani hakuhitaji joto kali. Filamu ya slaidi, ile isiyotoa negativu bali picha yenyewe, iache kwanza, kwani ukikosea kwa stopu moja tu (yaani mwanga mara mbili au nusu yake) inaonekana.

Kuna jambo wengi hawalitarajii. Kamera nyingi zenye shata ndani ya lenzi zinaishia kasi ya 1/500. Kwenye jua kali, filamu ya ISO 400 kwa kasi hiyo inataka tundu la f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo). Huwezi kulifungua hadi f/2.8 upate ule ukungu mzuri nyuma ya mtu. Mwanga utazidi kwa stopu tano. Hata filamu ya ISO 100 juani itakufikisha f/8 tu. Ukitaka ukungu huo, mhamishie mtu kivulini au subiri jua lishuke.

Idadi ya picha inategemea umbo la fremu: 6×4.5 hutoa 15 au 16, 6×6 hutoa 12, 6×7 hutoa 10, na 6×9 hutoa 8. Fremu ya 6×6 kwa kweli ni milimita 56 kwa 56, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya eneo la fremu ya milimita 35.

Kama filamu ilikuwa kwenye friji, iache nje saa moja au mbili kabla ya kufungua kifungashio. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa utatua juu yake.

## Hatua ya 3: Pakia filamu

Fanya kwanza na ile roli ya mazoezi, mchana, mara tano au sita, hadi vidole vizoee. Roli halisi ipakie kivulini. Hata kivuli cha mwili wako ukilipa jua mgongo kinatosha.

1. Hamisha spuli tupu hadi upande wa kupokea, kama bado haipo hapo.
2. Weka roli mpya upande wa kutoa. Vunja utepe unaoifunga, lakini usiachie roli ifunguke. Bana kwa kidole gumba.
3. Vuta karatasi ya mgongo hadi kwenye spuli tupu. Upande mweusi wa karatasi utazame lenzi, na upande wenye maandishi utazame mgongo wa kamera. Ukigeuza, karatasi itakaa kati ya lenzi na filamu, na hutapata picha yoyote.
4. Ingiza ncha ya karatasi kwenye mwanya wa spuli na uhakikishe imekaa katikati. Ikienda upande, karatasi itajikunja kingoni na roli itakuwa nene upande mmoja.
5. Zungusha mara mbili au tatu huku kidole kikiwa bado kimeibana roli inayotoa. Mbano huu ndio unaoifanya roli ijikaze tangu mwanzo. Wanaouruka ndio wanaopata roli nene iliyolegea, yenye kingo zilizoungua.
6. Endelea polepole hadi mshale mkubwa uliochapwa kwenye karatasi ulingane na alama ya ndani ya kamera, nukta au pembetatu. Hapo simama.
7. Funga mlango, kisha zungusha hadi kamera ijifunge kwenye namba 1.

Kamera zenye kidirisha chekundu, kama Holga, hazijifungi zenyewe. Unatazama namba kwenye kidirisha na kusimama zinapofika katikati. Jizoeze kusogeza filamu mara tu baada ya kila picha, usisubiri picha inayofuata, la sivyo utarudia picha juu ya picha.

*Utajuaje umefaulu:* ukizungusha, kitasa kinakuwa na uzito kidogo, wa kulingana, usioruka. Kitasa kikizunguka kikiwa chepesi mno na namba hazipandi, filamu haikushika. Kabla ya mshale kufika kwenye alama unaweza kufungua na kurekebisha bila hasara, kwa sababu kilichotoka mpaka hapo ni karatasi tu.

Andika sasa hivi aina ya filamu, ISO utakayotumia na namba ya roli.

## Hatua ya 4: Pima mwanga wa kitu, si wa anga

Negativu inasamehe mwanga ukizidi, lakini ukipungua haisamehe. Kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha hakina kitu ndani yake, na hakuna dawa wala programu ya kompyuta itakayokirudisha.

Ukitumia simu kwa namna ya kawaida, inachukua wastani wa fremu nzima. Anga likijaa nusu ya juu, kipimo kitakuambia mwanga ni mwingi, na mtu wako atatoka kama kivuli. Kwa hiyo isogeze simu karibu, au iinamishe hadi anga litoke kabisa kwenye fremu.

Zipo mbinu mbili nzuri. Chagua mojawapo.

Mbinu ya kwanza, rahisi. Weka kipima mwanga kwenye ISO 200 ingawa filamu ni ya 400, kisha pima kwa wastani bila anga. Umejipa stopu moja ya akiba. Kwa mwanga wa kawaida hii inatosha, na ndiyo ninayoipendekeza kwa roli ya kwanza.

Mbinu ya pili, makini zaidi. Weka ISO 400. Tafuta kivuli kizito ambacho bado unataka kionyeshe kilichomo, kama mikunjo ya koti jeusi. Kipime hicho peke yake. Tuseme kipimo ni 1/30 kwa f/8. Punguza stopu mbili, upige kwa 1/125 kwa f/8. Unapunguza kwa sababu kipima mwanga hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Usipopunguza, koti jeusi litatoka kijivu.

Usizichanganye. Ukiweka ISO 200 na pia ukapima kivuli, utaongeza mwanga mara mbili bila kujua.

Na simu ikizima? Juani, weka tundu f/16 na kasi iliyo karibu na namba ya ISO. Kwa filamu ya 400 hiyo ni 1/500. Jua likifunikwa na wingu jepesi, f/11. Mawingu ya kawaida, f/8. Mawingu mazito, f/5.6. Kivulini, f/4. Nimetoka na kanuni hii peke yake mara nyingi na sijajuta.

Kwa picha za muda mrefu, filamu huchoka. Kwa HP5 Plus, kipimo kikisema sekunde 10, acha shata wazi takriban sekunde 20.

## Hatua ya 5: Lenga, tulia, fyatua

Lenzi ya kawaida ya 6×6 ni ya milimita 80. Kwa f/2.8, ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana kali ni takriban sentimita 4 tu. Ukilenga jicho kisha mwili wako ukayumba mbele kidogo, sikio ndilo litakalokuwa kali. Kwenye roli ya kwanza funga hadi f/8 kila mwanga unaporuhusu, na tumia kioo cha kukuzia kilichomo kwenye kitafutio. Usilenge bila hicho kioo.

Ukitazama kwa juu, picha inaonekana imegeuzwa kushoto na kulia. Mtu akiondoka kwenda kulia, mikono yako itataka kukimbilia upande usio sahihi. Inachukua siku mbili tatu kuzoea.

Kamera zenye lenzi mbili zina tatizo lake: lenzi unayotazamia iko juu ya ile inayopiga. Kwa mbali hakuna shida, lakini ukikaribia chini ya mita mbili, acha nafasi juu ya kichwa, la sivyo utakikata.

Bila tripodi usishuke chini ya 1/125. Kwenye kamera nzito zenye kioo kikubwa kinachoruka, kama Pentax 67, nenda 1/250 au uinue kioo kwanza ukiwa kwenye tripodi.

Kwa kamera zenye kasha la filamu linalotoka, kumbuka bamba la giza, kile kipande chembamba kinachozuia mwanga usiifikie filamu kasha likiwa nje ya kamera. Kwenye Hasselblad lisipotolewa kamera haifyatui. Usilazimishe, litoe tu.

## Hatua ya 6: Toa roli

Baada ya picha ya mwisho, endelea kuzungusha hadi usikie karatasi imeachia na kitasa kimekuwa chepesi kabisa. Ongeza mizunguko miwili. Nenda kivulini kisha fungua.

Roli ikiwa bado ndani ya kamera, weka kidole juu yake. Ndipo uiinue, ukiishika isifunguke. Kunja ncha ya karatasi kwa ndani, lamba gundi ya utepe kama ni ya kulamba, na uifunge kwa kukaza. Ukiona roli imelegea, usiipindishe kwa nguvu ili ikaze, kwani tabaka za ndani zitasuguana na kuacha mikwaruzo. Ifunge kama ilivyo na uiweke haraka mahali penye giza.

Ukisafiri kwa ndege, omba filamu ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za kukagulia mizigo ya mkononi, zile za CT, huharibu filamu ambayo haijasafishwa.

## Hatua ya 7: Kuingiza filamu kwenye rili, gizani

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu filamu ya 120 ni pana na laini kuliko ya milimita 35, na hujikunja ikilazimishwa. Chukua ile roli ya mazoezi. Ingiza mara tatu ukiwa unaona, kisha mara tatu ukiwa umefumba macho.

Rili lazima iwe kavu kabisa. Tone moja tu la maji kwenye mfereji wake linaifanya filamu inate na isisogee. Kama uliiosha jana, ikaushe tena.

Chumba kipimwe hivi: zima taa, kaa dakika tano, kisha inua mkono mbele ya uso. Ukiuona, si giza.

Ndani ya giza, fungua karatasi. Filamu haitokei mara moja. Kwanza ni karatasi tupu, kisha ncha ya filamu isiyoshikizwa. Endelea kutenganisha ukiacha filamu ijiviringishe yenyewe mkononi, hadi ufike mwisho ilikobandikwa kwa utepe. Ubandue polepole. Gundi ikibanduliwa kwa kasi hutoa mwako mdogo wa mwanga, na mwako huo unaweza kuacha alama.

Mimi huukunjia utepe juu ya ukingo wa filamu na kuingiza mwisho huo kwanza, kwa sababu unakuwa mgumu kidogo na hauyumbi. Vuta filamu hadi ipite vidude vya kushikia, kisha zungusha pande za rili mbele na nyuma. Ikikwama, usisukume. Itoe yote na uanze upya. Weka rili kwenye tangi pamoja na bomba lake la katikati, funga kifuniko, ndipo uwashe taa.

## Hatua ya 8: Safisha

Hapa natumia mfano wa HP5 Plus iliyopigwa kwa 400, au kwa 200 ile ya akiba, katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Kwa dawa nyingine fuata jedwali la mtengenezaji. Tangi la Paterson linataka mililita 500 kwa roli moja ya 120, yaani mililita 250 za dawa na 250 za maji.

1. Dawa ya kusafishia, dakika 13 kwa nyuzi 20. Mimina, pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza, kisha gonga chini liachie mapovu. Rudia mipinduo minne mwanzoni mwa kila dakika. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kuisha. Dawa hii hairudiwi.
2. Kusimamisha, nusu dakika, ukipindua bila kukoma.
3. Fiksa, dakika 5, ukipindua kama mwanzo. Fiksa inarudiwa. Kuijaribu, tumbukiza kipande cha filamu na uhesabu sekunde hadi kiwe angavu. Ikichukua mara mbili ya muda wa fiksa mpya, itupe.
4. Kuosha. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Maji yawe na joto karibu na la dawa.
5. Dawa ya kuteleza maji, matone machache, dakika moja bila kutikisa.

Joto ndilo la kulinda. Kama maji yako ni ya nyuzi 26, weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu hadi zishuke, na uliache tangi humo pia.

Ning'iniza filamu mahali pasipo na vumbi, kibanio kizito chini. Bafuni baada ya mvuke kutulia ni pazuri. Usiiguse kwa saa kadhaa.

## Hatua ya 9: Isome negativu kabla ya kuiskani

Mtengenezaji amechapa namba na jina la filamu kwenye kingo. Maandishi hayo hayakupitia lenzi yako, kwa hiyo yanakueleza kosa liko wapi.

Maandishi meusi na makali lakini picha hafifu: dawa ilifanya kazi, mwanga ulikuwa mdogo. Rudi hatua ya 4.

Maandishi na picha vyote hafifu: dawa ilikuwa dhaifu, baridi, au muda haukutosha.

Hakuna maandishi wala picha, filamu ni angavu: fiksa iliingia kabla ya dawa ya kusafishia, au dawa ilikuwa imekufa.

Maandishi yapo, fremu hazipo kabisa: filamu haikusogea, shata haikufunguka, au kifuniko cha lenzi kilibaki.

Weusi unaoingia kutoka ukingoni: roli ililegea. Weusi unaojirudia mahali palepale kwenye kila fremu: kamera inavuja mwanga, na sponji za mlango zinahitaji kubadilishwa.

Negativu nzuri, ukiiweka juu ya gazeti, hukuruhusu kuona herufi kupitia sehemu nyingi zake, na vivuli vyake si vitupu.

## Hatua ya 10: Kuskani

Kata vipande vya fremu tatu tatu, uviweke chini ya vitabu usiku mmoja vinyooke. Skana ya bapa ikiwekwa kwenye dpi (nukta kwa inchi) 2400 inatoa faili la takriban megapikseli 28 kutoka fremu ya 6×6, nyingi za kutosha kwa chapa kubwa. Ukipiga kwa kamera ya kidijitali badala ya skana, tumia lenzi ya makro na taa bapa yenye mwanga sawia, funika mwanga wote unaozunguka negativu, na upande usiong'aa wa filamu utazame lenzi. Kisha geuza picha kushoto-kulia kwenye kompyuta.

Puliza vumbi kabla ya kila fremu. Dakika moja hapo inaokoa nusu saa ya kufuta madoa. Hifadhi kwa TIFF ya biti 16, ukiacha vivuli na sehemu angavu zikiwa na nafasi, kwani kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga kwenye picha, utairekebisha baadaye.

Weka vipande kwenye mifuko yake, na uandike juu yake na kwenye jina la faili namba ileile ya roli uliyoiandika siku ya kupakia.